Mama Mkwe Ndani ya Kompyuta: Miaka 36 ya Girijamma Hebbar

Tarehe 31 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, Bi Girijamma Hebbar atarudisha funguo za maabara ya kompyuta ya taasisi yetu hapa Mysuru, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Aliomba hotuba zisizidi tatu. Zimepangwa saba.

Aliajiriwa mwaka 1989 kama mpiga chapa. Mwaka uliofuata ililetwa kompyuta moja, ikafungiwa kabatini isiibwe. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili, akawa fundi wa kompyuta.

Mwaka 2003 aliweka mfumo endeshi mpya kwenye kompyuta ishirini na nne kwa siku moja. Kesho yake hakuna hata moja iliyotambua kibodi. Kwa siku sita wanafunzi waliingia kwa zamu kutazama vioo. Tangu hapo kuna karatasi mlangoni kwake: kisichojaribiwa hakiingii kazini.

Majaribio hayo aliyafanya kwenye mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala waya, iliyotengenezwa kwa programu tupu na kukaa ndani ya kompyuta ya kweli. Humo aliweka mifumo ya kila aina, akaiharibu, akaifuta, na kompyuta ya kweli ikabaki salama. Kila mashine aliipa jina la mtu wa ukweni. Ile iliyochelewa kuamka iliitwa Shemeji. Ile yenye mfumo wa zamani kuliko yote iliitwa Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, inakumbuka kila kitu na haikubali kitu kipya.

Wengi mtamkumbuka kwa siku ya Ayudha Puja mwaka 2014, sikukuu ya kubariki vifaa vya kazi na kuvipumzisha. Alama za mwisho za wanafunzi 212 zilitakiwa chuo kikuu kabla ya saa kumi na moja jioni. Arobaini na mmoja kati yao walikuwa wameahidiwa kazi, na waajiri wao wasingengoja zaidi ya hapo. Ratiba ilisema alama zitumwe kwanza, vifaa vibarikiwe baadaye. Lakini kuhani alikuwa na ofisi nyingine tatu za kubariki, akafika mapema kwa saa mbili.

Mkuu wetu, Dakta Puttaswamy, aliinyunyizia maji kompyuta ya alama kwa mkono wake, na hakuwa mchoyo. Maji yaliingia kwenye feni. Kioo kikazima. Faili la alama lilikuwa salama kwenye flashi, ila programu ya kulifungua ilikubali mfumo mmoja tu wa zamani, na mfumo huo ndio ulikuwa umezama.

Girijamma akavuta kiti mbele ya kompyuta yake, iliyokwisha kuvalishwa maua.

“Mama, hiyo haiguswi mpaka keshokutwa,” alisema karani Siddaraju. “Imepumzika.”

“Ya nje imepumzika. Mama Mkwe wa ndani ana mfumo uleule, na bado yuko kwenye majaribio. Hajaanza kazi hata siku moja, atapumzikaje?”

“Na karatasi yako ya mlangoni je? Inasema nini?”

“Naijua. Niliiandika mimi.”

Dakta akamgeukia kuhani, aliyekuwa anamalizia dengu zake. Kuhani akauliza kama hicho cha ndani kina mwili.

“Hakina,” alisema Girijamma.

“Basi sina pa kukivisha shada,” alisema kuhani, akaomba usafiri.

Mama Mkwe alifungua faili. Dakta akasema litumwe. Girijamma akakataa.

“Halijajaribiwa, Dakta. Chukua karatasi za alama, keti hapa, nisomee.”

“Zote?”

“Wewe ndiye uliyemwaga maji.”

Dakta alisoma alama za wanafunzi 212, moja baada ya nyingine, huku Girijamma akifuata kwenye kioo na maua yakimdondokea vidoleni. Kosa moja lilipatikana. Lilikuwa kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Dakta. Alama zilitumwa saa kumi na dakika hamsini na mbili. Wote arobaini na mmoja waliripoti kazini.

Mama Mkwe akahesabiwa kuwa amefaulu majaribio, akaanza kazi rasmi baada ya sikukuu. Anatunza alama zetu mpaka leo, na kila Ayudha Puja hupumzika na wenzake. Maji sasa hunyunyizwa na Girijamma, kwa ncha ya kidole.

Katika kukabidhi, ametuachia daftari moja. Ukurasa wa mwisho, wa Mama Mkwe, unasema: “Akichoka, mfuteni. Msinipigie simu.” Idara imekaa vikao viwili na hajapatikana wa kumfuta.

Mama mkwe wake halisi, Bi Rukminiyamma, mwenye miaka tisini na moja, atakuwepo mstari wa mbele. Ameambiwa kwamba amefanya kazi hapa miaka kumi na moja, na ameulizia kiinua mgongo chake.

Bi Girijamma, ahsante kwa miaka yote, na kwa alasiri ile. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na nyumba isiyohitaji kujaribiwa kwanza. Simu hatutapiga. Siddaraju atapita mwenyewe Jumatatu.