Tarakimu Nne za Mama wa Mashine

Sogeeni, wanangu, mnisikilize pumzi ingali inanitii. Mashine ya kusaga ni yenu nyote wanne, msiiuze. Mawe yake bado mapya, na fundi wa mota hatudai. Lililobaki ni pesa, na hapo ndipo akili yangu inapopigwa chenga mpaka leo.

Miaka yote nilipokea noti zilizojaa unga, nikazikung'uta kwanza ndipo nizihesabu. Kisha mdogo wenu akaniletea hii ya simu. Mteja anabonyeza, simu inalia, nami nachungulia droo: imepita wapi, mbona haina hata vumbi? Chekeni tu, lakini niliipenda, nikawa namuuliza kila mteja. Natamani ningeishi nione noti ya mwisho nchini itamfia nani mkononi.

Wewe, kifungua mimba wangu, hukuuliza. Ulifungua droo ukaikuta tupu, ukamwita huyo mdogo wako mwizi mbele ya wateja, kumbe pesa yote imo simuni. Ulipojua ukweli ukanyamaza, naye tangu siku ile hajavuka kizingiti changu. Kuuliza si ujinga, baba. Iliniuma, na inaniuma hata sasa.

Basi shikeni neno langu. Simu ina namba ya siri, tarakimu nne, nami nimezaa wanne. Walionisajili walinikataza kumwambia mtu. Sawa, simwambii mtu, nawagawia. Ya kwanza nimekunong'oneza wewe, mkubwa. Mbili za katikati wanazo mapacha. Ya mwisho ni ya kitinda mimba. Asimtajie mtu mwenzake. Mkitaka chochote, hata cha kunizika, mtakaa pamoja mbonyeze kwa zamu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Siku hizi hakifungui hata simu.

Ya huyo kitinda mimba bado ninayo. Yuko hapo barazani, nimemsikia akikohoa. Nikizimika kabla hajaingia, tatu zenu hazitafungua kitu. Wewe mkubwa, usitume mtoto, nenda mwenyewe, ukamwombe radhi kwa mdomo ule ule uliomtukana.

Nenda, baba... Mungu awape riziki, ya kushikika na isiyoshikika... awaache mkipendana... Maji? Hapana, acheni.

Ndiye huyo? Ingia, mama. Usilie, utashindwa kunisikia. Inama... bado... lete sikio.