Mabati ya Ayubu Ndyamukama

Kwanza hili liwekwe sawa: marehemu Ayubu Ndyamukama hakuwapunja wakulima kwenye mizani, wala hakutoa mabati ili kufunika dhambi. Maneno hayo yametembea kutoka Kamachumu hadi Rwamishenye. Leo yaishie mbele ya jeneza lake.

Alizaliwa Kamachumu, Wilaya ya Bukoba, tarehe 14 Machi 1906, mtoto wa tatu wa Mzee Rwegasira. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, kisha Bukoba mjini, akamaliza mwaka 1924.

Tangu 1938 alikuwa karani wa mizani wa chama cha wakulima wa kahawa. Kila msimu wakulima wenyewe walimchagua tena, na macho walikuwa nayo.

Tarehe 6 Juni 1931 alimwoa Mwalimu Kokubanza. Waliishi katika nyumba ya nyasi hadi kahawa ya kibanja chao, shamba la nyumbani, ilipowanunulia mabati. Yakapangwa uani kumngoja fundi.

Aprili 1953 Ayubu alikwenda zahanati ya kijiji kumjulia hali jirani yao Joviana, aliyekuwa amejifungua. Alikuta paa linavuja, na wanawake wawili wamemkinga mzazi kwa ungo. Kesho yake akaita vijana wabebe mabati hadi zahanati.

“Ta Ayubu,” mkewe aliuliza, akimwita kwa heshima ya Kihaya, “na sisi je?”

“Nyasi zetu hazivuji.”

“Si ulitaka nyumba yako ing’ae hadi barabarani?”

“Nilitaka sana,” alikiri. “Basi itang’aa ile.”

Mkewe hakumsemesha hadi Jumapili. Lakini tangu hapo, kila mvua iliponyesha, Ayubu alisimama mlangoni kusikiliza mabati yakilia ng’ambo ya migomba. “Sikia, Ma Kokubanza,” alisema akicheka. “Hakuna anayelowa.” Wanakijiji walipompa kiti katika baraza la kijiji kwa ajili ya msaada ule, alikikataa.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 1958. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Novemba, mvua ikinyesha. Aliomba mlango uachwe wazi.

Ameacha mjane, watoto wawili, Mutalemwa na Kokwijuka, dada yake Mariamu, na wajukuu watano. Bwana ampumzishe mahali pasipovuja.

Nyumba yake ni ile ile ya nyasi. Mwenye shaka aitazame akipita. Anayetaka sababu nyingine ya kutoa kwake asije kuiulizia hapa. Mjane, aliyeandika haya, haongezi neno.