Mama Kiunzi na Nyuzi Zilizotangulia

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mtafiti wetu wa chumba cha hadubini anastaafu. Sisi wa maabara, hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Kiunzi.

Seli haina mfupa. Ni tone tu ndani ya utando laini, na bado ya neva hurefuka mkia na ya ngozi hutandaa kama chapati. Kinachoishikilia ni kiunzi cha nyuzi nyembamba ajabu, zinazojengwa na kubomoka bila kupumzika. Hilo linajulikana. Mama Kiunzi alitaka kujua zaidi: seli zake za neva zinapoota mkia, nyuzi hutangulia au hufuata? Wenye haraka walishajibu zamani. Yeye alisema mwenda pole hajikwai, akaendelea kutazama.

Kabla ya kufungua kabati la joto zinamokaa seli, hupiga hodi. Wageni hucheka wiki ya kwanza. Ya pili nao wanapiga.

Mwezi uliopita mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika jicho la kulia, na sahani ya seli ilibaki moja. Mazoea yana taabu: akaiweka kwenye barafu, kama alivyozoea kuweka protini. Baridi huvunja nyuzi, na hakuna anayelijua hilo zaidi kuliko yeye. Alipotazama, mikia ilikuwa imenywea na seli zimekuwa duara. Tulimwonea huruma.

Hakuitupa. Aliipasha joto taratibu, akainama kwenye hadubini. Nyuzi, zenye rangi inayong'aa, zikaanza kuchipua moja moja kutoka karibu na kiini. Ghafla akainuka. Jicho lilikuwa limechoka, akasema, na jambo hili halitaki kubahatisha. Akamkalisha mwandishi wa maneno haya kwenye kiti chake, akasimama nyuma akiuliza zimefika wapi.

Zilifika ukingoni mwa seli. Ukingo ukatulia kidogo, kisha ukaanza kusogea, mkia ukaota. Mumewe, aliyekuja kumchukua, naye alichungulia, akauliza kama na seli zake mwenyewe zinafanya hivyo sasa hivi. Alipoambiwa ndiyo, akatafuta pa kukaa.

Mama Kiunzi akauliza mara ya mwisho: nyuzi zimetangulia au zimefuata? Tukamjibu kwa pamoja: zimetangulia, Mama. Akafumba macho yote mawili, akatabasamu.

Asante kwa kutuazima kiti chako saa ile. Jicho lipone upesi, na mapumziko yako yawe ya heri: sahani ile iko hai, na inakusubiri uje uione.