Solveig Åkerblom na Ini Lililokula Dawa

Ijumaa tarehe 29 Mei, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Solveig Åkerblom atalivua koti lake jeupe na kustaafu. Aliingia maabara yetu hapa Göteborg mwaka 1989, kushika nafasi ya mtu aliyekwenda likizo ya uzazi kwa miezi sita. Yule mama hakurudi. Solveig naye hakuondoka.

Kazi yake ilikuwa kukuza seli za saratani iliyoanzia kwenye utumbo ikasambaa hadi kwenye ini, ili tuzijaribie dawa mpya. Alizilea kuliko wengine tunavyolea watoto. Alizibadilishia maji ya chakula hata sikukuu ya katikati ya kiangazi, wakati Uswidi nzima inacheza kuuzunguka mlingoti wa maua. Mtu akigusa kabati la joto zilimokuzwa seli bila kunawa, aliambiwa kwa upole, "Ndugu yangu, rudi nyumbani ukaoge kwanza." Profesa wetu mwenyewe ameambiwa hivyo mara mbili.

Mwaka 2009 dawa yetu iliziua seli zote kwa siku tatu. Profesa huyo, daktari wa upasuaji Torsten Lindgård, akaagiza keki ya kijani, ile ya sherehe, kwa ajili ya wote. Wagonjwa wa kwanza walikuwa waanze kupewa dawa baada ya wiki tano. Sisi tunapongezana, Solveig ameshika kikombe chake cha kahawa, keki haigusi.

"Kwani hufurahi?" Torsten akamuuliza.

"Keki ni nzuri. Ila seli zetu zinaishi zenyewe tu kwenye sahani, Torsten. Ndani ya mtu zina jirani, na jirani mwenyewe ni ini."

Hapo akaungama. Bila kumwambia mtu, alikuwa amechukua vipande vya ini visivyo na ugonjwa vilivyobaki chumba cha upasuaji, ambavyo wagonjwa walikwisha kuridhia vitumike kwa utafiti. Akavitunza vikiwa hai, akaviweka pamoja na seli za saratani, akatia dawa. Saratani haikutikisika.

Torsten alinuna. Akawa anakunywa kahawa ofisini kwake, peke yake, na anayeijua idara yetu anajua kwamba hiyo ilikuwa vita. Solveig hakubishana. Alirudia jaribio mara nne, na kila asubuhi akamwekea matokeo mezani, pamoja na andazi la mdalasini. Siku ya kumi Torsten akatokea kwenye mlango wa chumba cha kahawa.

"Maandazi nimeyamaliza," akasema, "na sasa nimezisoma na karatasi zako. Tunasimamisha."

Kusimamisha kuliuma. Kulikuwa na wagonjwa walioahidiwa, na Solveig ndiye aliyejitolea kuketi nao Torsten akiwaeleza. Mwezi ule hatukumsikia akitania.

Baadaye ikajulikana kwamba ini, kwa kuwa linaijua kazi yake, lilikuwa linaivunjavunja dawa kabla haijaifikia saratani. Ilituchukua miaka sita kutengeneza vishanga vidogo mno, vinavyopitishwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye mshipa unaolisha uvimbe, na kuiachia dawa hapo penye uvimbe, polepole. Wa kwanza kuvipata alikuwa Bengt-Åke Rydell, dereva wa tramu, aliyekuwa amepewa miezi michache ya kuishi. Alirudi kazini akaendesha miaka mitatu zaidi. Kila akipita chini ya dirisha letu aligonga kengele. "Kelele gani hizi," Solveig alikuwa akinung'unika, huku tayari yuko dirishani anampungia mkono. Kengele ilipokoma, alikwenda kumzika, akarudi mchana uleule, akavaa glavu.

Kati ya wagonjwa ishirini na mmoja waliofuata, wanane wako nasi leo. Solveig anawajua wote kwa majina, walio hai na waliotangulia. Akiulizwa habari za mafanikio yake, huanza na wale waliotangulia.

Sasa anahamia kisiwani Orust kulima viazi. Ametukataza kumpigia simu. Anasema seli si zake tena. Lakini jana tumekuta karatasi kwenye mlango wa friza, ina namba yake kwa maandishi makubwa, na chini yake: "Saa yoyote, isipokuwa nikiwa shambani. Nisipopokea, pigeni tena."

Asante, Solveig. Viazi vyako vistawi, magoti yako yakubebe, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na tamu. Simu tutapiga.