Kidole cha Faki Mgongoni Mwangu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Alhamdulillahi, Mola amenirudishia mwanga!

Laiti ningemkatalia Faki siku ile aliponinong'oneza, "Kaa mbele yangu, nitakubonyeza." Sikumkatalia.

Watafiti walikuja kwetu kisiwani Juani. Zamani watu kama hao waliuliza habari za homa na watoto wachanga. Miaka hii wanatutafuta sisi wazee: presha, sukari, magoti, kusahau, macho. Tuliketi mkekani kupimwa macho, tukaonyeshwa kadi yenye alama ya vidole vitatu, tuseme vinaelekea wapi. Mimi hata kadi sikuiona! Faki, rafiki yangu tangu utotoni, akawa ananibonyeza mgongoni: kulia, kushoto, juu, chini. Nikajibu sawasawa.

"Babu, una macho ya kijana!" akasema binti mtafiti.

Niliogopa, ndugu zangu. Mimi ndiye msomaji wa maulidi. Nilikuwa nimehifadhi yote, kurasa nikizifunua kwa mazoea tu. Nikijulikana sioni, nafasi yangu angepewa mwingine.

Basi nikabaki katika dunia iliyotiwa tui. Taa zilichanua kama maua. Watu walinijia kama moshi, kisha wakawa sauti. Mke wangu, Mwanahawa, alikuwa weupe wa mtandio na harufu ya asumini.

Siku moja akaniuliza, "Mume wangu, nimekonda?"

"U vilevile, kama siku ya harusi."

"Muongo we! Hata mlango huuoni." Akacheka, halafu akakohoa kwa muda mrefu. Nami nikamwitikia kwa kicheko, kama mtu aliye usingizini.

Haukupita muda, akafariki.

Baada ya arobaini yake watafiti wakarudi. Nikamsikia Faki akijisogeza nyuma yangu.

"Leo niache, Faki," nikasema. Kisha nikamwambia yule mtafiti, "Binti yangu, mimi sioni kitu."

Wakaniambia ni mtoto wa jicho, ugonjwa wa kawaida kwa wazee, na unatibika. Unatibika, ndugu zangu! Nikavushwa hadi Kilindoni, nikapasuliwa. Bandeji ilipotolewa, subhanallah! Niliona vumbi likielea katika mwanga wa dirisha, nikalia.

Mtegemeeni Mola, wazee wenzangu, na mkiulizwa semeni kweli. Tiba nayo ni rehema yake. Namshukuru kila ninapofumbua macho.

Lakini uso wa uzeeni wa Mwanahawa siujui. Alikonda, akaugua, akafa mbele yangu, nami sikumwona.