Mfadhili Anataka Majina ya Zamani

Kijiwe chetu kiko nje ya banda langu la kuziba pancha, kwenye barabara inayotoka stendi ya Mpanda. Ni ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori, na pembeni Leodgar, mtu wa Karema huko ziwani, na jiko lake la mkaa na birika la kahawa. Wanaokaa hapo hawana baiskeli mbovu wala gari bovu, kwa hiyo mimi naambulia maneno tu. Yupo Satelaiti, jina lake Sixte, mtu wa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi, fundi wa redio na ving'amuzi. Yupo Wakili, yaani Salvator, ambaye mahakamani amewahi kwenda mara moja, tena kama mshtakiwa, kesi ya mbuzi. Na yupo Ngolo, Msukuma wa ng'ombe, tunayemwita Bikoni kwa sababu kila anapojenga boma, jiwe la mpaka linamfuata. Asubuhi hiyo alikuja pia Laurence, binti wa dada yake Satelaiti, anayefundisha historia chuo kikuu, na huyo alikuwa na shida ya kweli.

Amepata nafasi kwenye mafunzo ambayo watu wa historia na lugha wanafundishwa kutumia kompyuta katika kazi zao. Mfadhili analipa nauli, malazi na chakula. Ila kila anayekwenda lazima atume kwanza sauti ya mtu wa kwao akitaja majina ya zamani ya sehemu za huko. Mwisho ni leo jioni. Asipotuma, nafasi anapewa mwingine.

Laurence: Mishamo nimezunguka wiki nzima. Wananitajia namba za vijiji. Wanasema wao walipofika walikuta pori. Nyie mmekaa Mpanda siku nyingi, nitajieni sehemu zilikuwa zinaitwaje zamani. Simu hii hapa, narekodi.

Wakili: Taratibu. Mtu wa historia anaenda nyuma, kompyuta inaenda mbele. Ni mfadhili gani huyo anayetoa hela ili hao wawili wavutane?

Laurence: Hawavutani, baba. Majina mengi ukiyaandika kwenye karatasi, huoni kitu. Ukiyaweka kwenye ramani ndani ya kompyuta, unaona watu walitoka wapi wakahamia wapi.

Bikoni: Umesema ramani?

Hapo nikajua kazi imeharibika. Bikoni aliweka kikombe chini kabisa, kwenye vumbi.

Bikoni: Ng'wanawane, mwanangu, mimi nimehamishwa mpaka ng'ombe wamezoea. Kila mara anatangulia kijana mpole hivi hivi, ana simu, anauliza hapa panaitwaje. Akiondoka, linakuja jiwe.

Laurence: Mimi si mtu wa mipaka, mzee. Ni wa historia.

Bikoni: Wa mwisho alisema ni wa ndege. Anahesabu ndege.

Satelaiti: Bikoni, huyu ni mtoto wa dada yangu.

Bikoni: Na yule wa ndege alikuwa mtoto wa dada ya mtu.

Satelaiti: Mimi nataka aende, aisee. Ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kulipiwa kusoma kitu. Kinachonitatiza ni hiyo sauti. Siku hizi sauti ya mzee ikiingia kwenye kompyuta, mashine inajifunza kuongea vile vile. Kesho inampigia mwanao: baba yako hapa, ile hela itume kwenye namba hii.

Laurence: Mjomba, hata wewe?

Satelaiti: Nauliza tu kama fundi.

Wakili alicheka kwa pua. Akisubiri wenzake wamalize, ujue anakuja na kubwa.

Wakili: Nyie mnazunguka. Ni mali ya Mjerumani. Alipokimbia vita alizika masanduku, akachora ramani kwa majina ya wakati ule. Wajukuu zake wanayo ramani, majina ndiyo yamepotea. Bila hivyo, nani atamlipia mtu wa historia chakula asubuhi, mchana na jioni? Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana nasema usitoe hata jina moja.

Leodgar: Methali hiyo inasema kinyume, Wakili.

Wakili: Inategemea kibaba ni cha nani.

Bikoni: Kwa hiyo mashine itanipigia kwa sauti ya marehemu baba, iniambie nihame, halafu wao wachimbe.

Satelaiti: Kitaalamu inawezekana.

Wakili: Si mnaona? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi nilikuwa nimeshika tairi la baiskeli ya mteja, nimesahau tundu liko wapi. Nilimwonea huruma binti wa watu. Macho yalikuwa yameshaanza kumlowa, na simu yake ilikuwa inarekodi upuuzi wetu wote.

Laurence: Kama hamtaki kurekodiwa, semeni hamtaki. Kama hamyajui, semeni hamyajui, nikatafute kwingine. Jua linakwenda.

Ukweli ni kwamba Bikoni alitoka Shinyanga, Wakili alizaliwa Kasulu, Leodgar anajua mawe ya ziwani kwao tu, na mimi ni Mfipa wa Sumbawanga. Wote tulikuja Mpanda tukaikuta ina jina, hatukuuliza. Lakini mwanaume mzima, amekaa kijiweni miaka yote hiyo, ataanzaje kusema hajui?

Wakili: Majina tunayo. Ila hayatolewi hovyo hovyo.

Mara ikasimama bodaboda. Akashuka bibi mmoja mwenye kitenge kipya na mfuko wa safari. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitika, akasema anaitwa Pudensiana, ametoka Kigoma kwa mjukuu wake.

Bibi: Wanangu, naulizia njia ya Nkomansi. Tulihamishwa kutoka pale nikiwa msichana. Mama yangu amezikwa pale, nataka nifike kaburini kwake kabla sijafa. Wenye pikipiki hawapajui. Wamesema nije kijiweni hapa, kuna watu wanajua mambo yote.

Wakili alifungua mdomo. Haikutoka methali.

Satelaiti: Ni karibu na wapi, bibi?

Bibi: Unavuka Kamilantambo, unaiacha Isobela mkono wa kulia, unatokea kwetu. Si mbali.

Bikoni aliniangalia. Nikamwangalia Leodgar. Leodgar akainamisha birika, likatoa machicha.

Laurence alikuwa ameshasimama.

Laurence: Bibi, nakuomba sana, uniruhusu nikurekodi ukitaja hayo majina. Nayatafuta wiki nzima.

Bibi: Nitakutajia yote, mwanangu. Ninayo mengi, mpaka ya vijito. Kwanza nionyeshe njia.

Laurence akaishusha simu. Alitugeukia sisi wenyeji wake, mmoja mmoja, na mjomba wake alikuwa wa kwanza kutazama chini. Nilisogea kumpisha bibi akae, akakataa. Alisema amekaa sana kwenye basi.

Bibi: Ni upande gani sasa, huku au huku?