Waliotumwa Vyombo vya Matanga

Bwana asifiwe. Na akina mama wa upande ule, asalaam aleikum. Wakubwa wote, shikamooni.

Nilipoambiwa leo ni zamu yangu kusimama kutoa ushuhuda, nilitaka kukataa. Haya mambo yangu nusu yenu mnayajua, na nusu mmeyazungumza pale bombani mkingoja mitungi ijae. Msicheke, nimewasikia. Leo mtayapata kwa mwenyewe, na yule aliyeongeza chumvi atajijua. Jina la mtu sitalitaja.

Mimi ni mshonaji. Nyumba yangu hapa Utange tuliijenga na marehemu mume wangu tukiwa tunalala ndani haijapigwa plasta. Vyumba viwili na ukumbi. Ukumbini ndipo nilipoweka cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyonivusha tangu nilipobaki mjane. Nimeshona sare za shule za watoto wenu, nimeshona magauni ya harusi, mengine ndoa zake zimeshavunjika na gauni bado ni zima.

Sasa, mwaka juzi nilifiwa na baba yangu mdogo kwetu Kaloleni. Nikafanya kile tunachofanya sote. Nikaandika kikaratasi, nikampa msomaji wa matangazo kanisani. Nami nilivyo mtu wa kueleza, nikaeleza vizuri. Kwamba nasafiri Alhamisi, nitarudi Jumatatu. Kwamba anayetaka kuja kunipa pole kabla sijaondoka, nyumba ni ile ya geti la buluu, mkabala na kinu cha kusaga. Na kwamba wanawake wengi wa mtaa tutakuwa pamoja huko mazishini. Kikasomwa chote, mpaka nukta ya mwisho. Na ile spika yetu ya nje, ndugu zangu, mnajua imeelekea wapi. Imeelekea barabarani.

Ufunguo wa pili nikamwachia jirani yangu, mama mtu mzima ambaye sote twamwita Bibi. Kila nikisafiri nilimwachia, awatilie kuku wangu maji. Nikaenda zangu kuzika.

Jumatatu nikarudi, jua la saa sita. Geti limefungwa. Mlango umefungwa. Nikafungua kwa ufunguo wangu, nikaingia, na nikasikia sauti ya miguu yangu mwenyewe. Nyumba yenye vitu haitoi sauti ile. Viti hakuna. Meza hakuna. Sufuria zote, kubwa kwa ndogo, hakuna. Nikageukia pembe ya cherehani, nikaona alama nne tu za miguu yake kwenye simenti.

Nimesimama hapo bado na begi mkononi, Bibi akatokea mlangoni, uso umejaa huruma, akaniuliza, "Pole mwanangu. Vyombo vilifika salama?"

Nikamwambia, "Vyombo gani?"

"Si vile vya matanga ulivyotuma vichukuliwe."

Basi akanieleza. Ijumaa asubuhi, watu wameamka, watoto wanacheza njiani, ilikuja tuktuk na wanaume wawili waliovaa vizuri, mmoja amejifunga leso begani kama mtu aliyetoka msibani. Wakamwamkia shikamoo. Wakampa pole. Wakamwambia wametumwa na mfiwa, kule Kaloleni watu wamekuwa wengi, viti havitoshi wala sufuria. Wakataja jina langu, la baba mdogo, na siku ya maziko. Wakasema wanajua ufunguo ameachiwa jirani. Kumbe walikuwa wakibahatisha tu, maana hapa kwetu ufunguo uachiwe nani kama si jirani?

Nyinyi mwajua desturi yetu. Mtu akifiwa, vyombo vya mtaa mzima ni vyake. Hatuulizi. Sufuria yangu imeshazunguka matanga mengi kuliko mimi mwenyewe. Kwa hiyo Bibi akafungua mlango. Akawasaidia kubeba! Majirani waliobaki nao wakaja, huyu kashika kiti, yule kashika meza, tuktuk ikaenda na kurudi mara tatu, maana walisema lori la Kaloleni linangoja barabara kuu. Bibi alipoona sufuria zangu ni chache, akaingia kwake akatoa yake, ile kubwa ya pilau, akaongeza. Wizi gani huo, jamani, wa mwenyeji kuongeza?

Nikamuuliza, "Na cherehani, Bibi? Cherehani ilikuwa inakwenda kumzika nani?"

Akasema, "Walisema sare za wajukuu zitashonwa huko huko."

Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Nilimtukana yule mama mbele ya watu. Nilimwita mwizi. Nikamwambia amewauzia nyumba yangu. Mwanamke umri wa mamangu, amesimama kwenye jua, leso imemwanguka kichwani, anaapa wallahi, nami napaza sauti ili wa mbali nao wasikie. Akarudi kwake akafunga mlango polepole. Hilo ndilo lililonitia aibu baadaye kuliko yote, kwamba hata mlango hakuubamiza.

Polisi nilikwenda, wakaandika, wakanipa nambari. Ndugu yangu wa Changamwe akaja, akazunguka nyumba, akasema, "Hama. Mwanamke peke yako, wamekujua sasa. Njoo ukae karibu nasi." Nikamwambia sihami. Nyumba hii mume wangu aliijenga na homa mwilini, na mimi nitahama kwa ajili ya mtu aliyejifunga leso ya uongo? Sihami, sihami, sihami.

Mpaka hapo nilikuwa sawa. Nilipokosea ni nilivyobaki. Nilitia grili mlangoni. Nikatia kufuli, nikaona haitoshi, nikatia ya pili, ya tatu, ya nne. Ukutani nikapanda vipande vya chupa. Kuku nikawachinja wote ili nisiwe na sababu ya kumwachia mtu ufunguo. Dada mmoja wa ushirika wetu, Mungu ambariki, aliniazima cherehani yake kuukuu ya mkono, nikarudi kazini. Lakini wateja niliwapokea kwenye grili, napitisha tepu kati ya vyuma nawapima wao wako nje. Mmekuwa mkisema vifua vya magauni yangu ya mwaka ule vilikuwa vimebana. Sasa mmejua kwa nini.

Kanisani nikawa nakuja mara moja moja, maana nani atabaki nyumbani? Matanga sikwenda tena. Alifariki shangazi yangu, aliyenilea, sikwenda kumzika. Nililinda viti vya kuazima. Na Bibi, ukuta mmoja tu kati yetu, alikuwa akinipa salamu za asubuhi na mimi sijibu. Naye baadaye akaacha. Nikasema moyoni, sasa niko salama. Nawaambia ukweli, akina mama, sikuwahi kuogopa katika maisha yangu kama nilivyoogopa nikiwa na kufuli nne.

Mwaka ukapita hivyo. Asubuhi moja, saa nne hivi, nimeinama nashona, nikasikia tuktuk inasimama nje. Nyumba ya mbele yangu ni ya mwalimu mmoja, na siku ile yeye na mkewe walikuwa wamekwenda bara, mama mkwe wake mwalimu amefariki. Nyuma ya nyumba hiyo kuna mpangaji, mama mgeni, amehamia si muda. Nikasikia sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, inamwambia, "Pole sana mama. Tumetumwa vyombo vya matanga."

Nilichungulia. Wanaume wawili, mmoja kajifunga leso begani. Mpangaji wa watu kashatoa ufunguo, viti vya mwalimu vinapanda kwenye tuktuk, naye anashika mguu wa meza kusaidia.

Kitu cha kwanza kilichonijia nitawaambia, sitaficha. Kilisema: funga dirisha. Si nyumba yako. Nikanyoosha mkono kulifunga. Kisha nikaziona zile alama nne kwenye simenti, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nikasema hapana. Wamenila mimi mara moja, na mwaka mzima nimekuwa nikijila mwenyewe. Leo hapana.

Nikakimbilia funguo. Kufuli ya kwanza ikafunguka, ya pili ikagoma, ufunguo wa nne siuoni hata ulipo. Nimejifungia! Wezi wako nje huru, mimi mwenye nyumba niko ndani ya vyuma. Ndipo nikashika grili kwa mikono miwili, nikaita kwa sauti yote niliyopewa na Mungu, "Bibi! Bibi wee!"

Mwaka mzima sijamsemesha. Nilimwita mwizi. Na kabla sijaita mara ya tatu nikasikia kutoka ng'ambo ya ukuta, "Abee, mwanangu!"

Abee! Kama vile jana tulikula pamoja.

"Vyombo vya matanga!" nikamwambia. "Ndio hao!"

Sikuhitaji kueleza zaidi. Bibi alitoka na mwiko mkononi, alikuwa anasonga ugali. Hakupiga mtu, hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja, akapanda kwenye tuktuk, akaketi juu ya kiti cha mwalimu, akatengeneza leso yake. Na mnamjua Bibi alivyo, akikaa amekaa. Akawaambia, "Haya, twendeni. Mimi pia nataka kuzika. Endesha!"

Yule wa leso akasema, "Mama, tafadhali shuka, tunachelewa."

"Tunachelewa sote. Endesha, baba. Wataka nishuke kwani huko matangani hapana nafasi?"

Huku mimi ufunguo nimeuona, na kufuli ya nne imeachia. Nikatoka nayo mkononi, nikasimama mbele ya gurudumu. Nikamuuliza yule mwanamume, "Marehemu ni nani?" Akasema, "Ni mzee, babake mwalimu." Nikamwambia, "Aliyekufa ni mwanamke." Nikampigia simu mke wa mwalimu, nikaiweka kwa sauti ya juu kila mtu asikie. Akasema, "Sisi hatujatuma mtu yeyote." Basi. Milango ikafunguka mtaa mzima. Mmoja akatoka mbio kuelekea Mwakirunge, hajaonekana tena. Wa leso akashikwa.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana wengine wenu mlikuwepo na mlishika mawe. Palitajwa tairi. Palitajwa petroli. Na mimi niliyeibiwa kila kitu ndiye niliyesema hapigwi. Bibi akashuka akasimama upande wangu, mwiko bado mkononi, akasema, "Wallahi, hapigwi mtu mlangoni petu. Huyu atasema vilipo vyombo vya mwanangu." Sikumhurumia, msinipe sifa nisizostahili. Nilitaka apelekwe mbele ya hakimu, aniangalie machoni, na nimwangalie. Na nilikwenda, nilimwangalia, na yeye ndiye aliyeinama.

Mwataka kujua kilichorudi? Cherehani haikurudi. Viti havikurudi. Kilichopatikana ni kimoja tu, ile sufuria ya pilau ya Bibi, aliyoiongeza mwenyewe. Tukacheka siku hiyo mpaka tukalia, kisha mimi nikaendelea kulia peke yangu, naye akaniacha nimalize.

Sasa namalizia. Aliyeniazima cherehani, asante, nitakuwa nikishona nguo zako bila kukubana kifua. Mwalimu na mkewe, asante kwa kupokea simu mkiwa katika kilio. Wale mlioweka mawe chini, asanteni, najua yalikuwa mazito kuyaacha. Na yule mama aliyeketi nyuma kabisa, amejifunika leso uso kama vile simuoni, naomba nyote mgeuke mumtazame. Nilikuita mwizi mbele ya watu, Bibi. Nakuomba msamaha mbele ya watu. Hukunifanyia kosa lolote ila kuniamini kwamba nina watu.

Tuliyojifunza mtaani kwetu ni haya, myachukue mkitaka. Matangazo ya msiba hayataji tena siku ya kurudi wala rangi ya geti, anayetaka kutoa pole atauliza. Chombo hakitoki kwenye nyumba mpaka wote wawili, mwenye ufunguo na mchukuaji, wasikie sauti ya mfiwa kwenye simu. Na kila maziko, wawili kati yetu hubaki mtaani na kuketi nje, na kubaki huko kunahesabiwa kuwa ni kuzika. Siwaambii mkamrukie mwizi. Itaneni. Mimi bila ya Bibi ningekuwa kelele tu kwenye grili.

Na mwisho, nina tangazo. Halikuandikwa, nalisema kwa mdomo wangu, na naomba ile spika ya nje iwashwe. Imewashwa? Haya.

Ni mimi, wa geti la buluu, mkabala na kinu cha kusaga. Kesho kutwa nakwenda Kaloleni, kwenye kaburi la shangazi yangu ambaye sikumzika. Kufuli tatu nimezitoa, imebaki moja. Nyumba yangu itakuwa tupu, na ndani mna cherehani. Ufunguo wake ni huu hapa, mnauona. Bibi, njoo uuchukue.

Na wewe uliyeko huko barabarani ukisikiliza, karibu sana. Sema umetumwa. Utamkuta ameketi mlangoni, na safari hii atakuuliza jina la marehemu.